Kabla hujailaumu keki, pita kwa muuza udongo

Pale Buguruni, kabla hujaingia sokoni, kuna mama anauza udongo wa kula. Ameupanga kwenye sinia la alumini, vipande vya urefu wa kidole, kijivu kilichoingia ukahawia kwa ajili ya moshi, pembeni ubuyu wa rangi na karanga za kufunga. Wateja wake wengi ni wajawazito. Wapo pia wasio wajawazito, na hao hununua harakaharaka na kutumbukiza kwenye pochi kama mtu anayenunua sigara mbele ya mkwewe. Nilimuuliza udongo wenyewe unatoka wapi. "Huko huko ulikotoka wewe," akanijibu, akaendelea kuhesabu chenji.

Nilikuwa nimemfuata makusudi. Wiki hiyo kundi letu la WhatsApp la ukoo lilikuwa linawaka kwa ajili ya sauti ya dakika nne aliyoirusha shemeji. Msemaji, ambaye hakujitambulisha, alisema weupe wa keki ni unga wa rangi ya ukuta, Ulaya wameshaupiga marufuku, unatoboa utumbo. Haikupita nusu saa, mmoja wa mashangazi akahitimisha: basi ndiyo hiyo iliyompata mpwa wangu. Send-off ya dada yake ilikuwa imebakiza wiki tatu, na keki ilishalipiwa nusu.

Mpwa wangu ana miaka 26 na ana ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa utumbo usiokoma, unaotokana na kinga ya mwili kuushambulia utumbo. Kuliandika jina hilo ni rahisi, kulifikia kulimchukua zaidi ya mwaka wa kuharisha damu. Alitibiwa taifodi mara tatu na amiba mara mbili, na yutiai pia, maana sijawahi kumwona Mdar aliyetoka zahanati bila yutiai. Kisha akaanzishiwa dawa za TB ya utumbo, miezi sita, akazimaliza zote bila kukosa hata siku moja. Alipungua mpaka pete ikawa inamvuka. Ndipo hospitali nyingine ikampima kwa mpira wenye kamera, ikachukua vinyama, ikavipeleka maabara, na jina likapatikana.

Waliompa dawa za TB siwalaumu sana. TB ya utumbo na Crohn hupenda kukaa mahali pamoja, pale mwisho wa utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Zote mbili hukondesha, huleta homa za jioni, na chini ya hadubini zote huonyesha vifundo vya seli za kinga vinavyofanana. Katika mji wenye TB kama huu wetu, daktari anayeanza na TB anacheza na hesabu. Aliyenikera ni yule wa taifodi ya mara ya tatu.

Sasa turudi kwenye ile sauti. Ukiisikiliza kwa utulivu, nusu yake ni kweli. Dioksidi ya titani, inayoandikwa E171 kwenye pakiti, ni unga mweupe unaotia rangi kwenye bigijii, pipi, urembo wa keki, dawa ya meno na ganda la vidonge. Na ndiyo hiyo hiyo inayotia weupe kwenye rangi ya ukuta. Titani yenyewe wala si mgeni kwetu: mchanga mweusi wa pwani ya Kigamboni una ilmenaiti na rutaili, madini yanayobeba titani, na chuma cha Liganga kule Ludewa kimechanganyika na titani na vanadi. Binamu zake wa mezani ni silika na silikati za alumini, zinazotiwa kwenye chumvi, maziwa ya unga na viungo vya pakiti ili visishikamane. Hizo nazo tumezikalia. Vilima vya Pugu kule Kisarawe vina kaolini, na kaolini ni silikati ya alumini. Wanafunzi wanaopelekwa kutazama popo kwenye mapango ya Pugu wanapita ndani ya machimbo ya zamani ya kaolini, sijui kama huwa wanaambiwa.

Kilichowashtua watafiti ni mahali madini haya yanapojificha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa patholojia waliokuwa wakichunguza vipande vya utumbo wa binadamu waliona seli zenye weusi kama masizi ya kibatari. Hazikutapakaa ovyo. Zilikuwa chini kabisa ya mabaka ya Peyer, zile kambi ndogo za askari wa kinga zilizojipanga kwenye ukuta wa utumbo. Watoto wadogo hawakuwa nazo, watu wazima walikuwa nazo. Mwaka 1996 kundi la watafiti wa London lililokuwa na Jonathan Powell lilizitazama kwa hadubini ya elektroni na kuutambua weusi ule: dioksidi ya titani na silikati, chembe nyingi zikiwa za nanomita 100 hadi 400. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita kama 80,000. Yaani chembe 400 za nanomita 200 zikishikana mikono ndipo zinavuka unywele mmoja.

Kutoka hapo ikazaliwa nadharia tete iliyovutia mno: kwamba chembe hizi ndizo zinazoleta Crohn. Crohn ilielezwa kitabibu mwaka 1932 huko New York, na ikazidi kuonekana katika nchi za viwanda kadiri karne ilivyosonga. Chakula cha viwandani kilizidi katika karne hiyo hiyo. Vidonda vya mwanzo vya Crohn hujitokeza mara nyingi juu ya mabaka ya Peyer, palepale chembe zinapolala. Mtu yeyote angeviunga vitu hivi kwa mstari mmoja. Mimi ningeviunga, na shangazi alishaviunga bila kusoma hata ukurasa.

Watafiti wale hawakuridhika na mstari. Kwanza ilibidi mtu ajue tunakula kiasi gani, na hiyo ni kazi ya kuchosha inayoangukia mabegani mwa wanafunzi wa uzamivu na wasaidizi wao. Dioksidi ya titani haiyeyuki kwenye asidi za kawaida, kwa hiyo unachemsha bigijii, krimu na michuzi kwenye asidi kali ya salfa, kimoja baada ya kingine, unapima, unaandika, kesho unarudia. Miranda Lomer na wenzake walifanya hesabu hizo kwa mlo wa Waingereza wakapata wastani wa miligramu 40 kwa mtu kwa siku, 5 za titani na 35 za silikati. Kwa uzito si kitu, kijiko cha chai hakishtuki. Kwa idadi, ni chembe kati ya trilioni 1 na trilioni 100 kila siku.

Hatua ya pili ilikuwa maabara. Mwaka 2000 walionyesha kwamba titani peke yake haikuziamsha sana seli za kinga. Lakini uso wa chembe unapofunikwa na kalsiamu, nayo kalsiamu ikadaka sumu za ganda la bakteria, mzigo mzima ukiingia kwenye seli unazusha vurugu. Hebu mfikirie bodaboda anayepita getini na kifurushi. Pikipiki tupu haimpi mlinzi taabu. Kifurushi kikiachwa chini peke yake nje ya geti, taabu ni ndogo. Ni vikiingia pamoja ndipo mtaa mzima unatoka nje.

Hatua ya tatu wakaenda kwa wagonjwa. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2001 lilikuwa na watu 20 wenye Crohn iliyochachamaa. Nusu walipewa mlo wenye chembe chache kwa miezi minne, nusu mlo wa kawaida. Katika kundi la kwanza 7 walipata nafuu kamili. Katika kundi la pili hakupata hata mmoja.

Matokeo ya namna hiyo ndiyo yanayotengenezewa sauti za dakika nne. Angekuwa mtu mwingine, angeishia hapo, akaandika kitabu cha mapishi, akazunguka redioni asubuhi. Wao waliongeza vituo, wakaongeza wagonjwa hadi 83, wakatenganisha suala la chembe na suala la kalsiamu ili kila moja lijibiwe kivyake, wakafuata mlo huo kwa wiki 16. Majibu yalitoka mwaka 2005: hakuna tofauti. Waliopunguza chembe na wasiopunguza walipona au hawakupona kwa kadiri ileile.

Nimekaa sana na hiyo 2005. Nina rafiki anayesoma uzamivu hapa mjini, si katika tiba, yeye ni mtu wa maji. Mwaka jana vipimo vyake vilikuja vikionyesha kwamba kichujio alichokiamini hakichuji. Msimamizi wake alimwambia atafute "namna nyingine ya kuliangalia". Yaani afukunyue takwimu mpaka zikubali. Rafiki yangu alikuwa ameshaanza kufukunyua, maana mkopo una tarehe na mke ana subira yenye kikomo. Tumejijengea mazoea kwamba tasnifu isiyosema "ndiyo" ni ya mtu aliyefeli. Mtetezi wa tasnifu akisimama mbele ya jopo akasema "nilidhani hivi, nikapima, si hivi," ukumbi unakohoa.

Kumbe "si hivi" ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango mkubwa zaidi. Mwaka 2015 kundi la Powell, wakati huo likiwa Cambridge, lilichapisha ugunduzi kwamba utumbo wenyewe hutengeneza chembe za madini. Kalsiamu na fosfeti zinazomiminika kwenye utumbo mwembamba, pamoja na magnesiamu kidogo, hujiunda kuwa vipunje vya kiwango cha nano, navyo hudaka mabaki ya chakula na bakteria na kuyapeleka kwenye mabaka ya Peyer. Huko seli za kinga huyapokea huku zikiwa zimeweka usoni protini ya PD-L1, ambayo ni kama kitambulisho cha "huyu wa nyumbani, muacheni". Katika sampuli za wagonjwa wa Crohn, seli hizo zilipungukiwa PD-L1.

Kumbe bodaboda ni wa kampuni ya nyumbani, anapita kila siku kwa ruhusa, kazi yake ni kuwafundisha walinzi kuzitambua sura za watu wa mtaa. Swali likageuka kabisa. Badala ya kuuliza chembe gani ya kigeni imeingia, sasa unauliza kwa nini mlinzi wa mtu huyu hamtambui mgeni wake wa kila siku. Hapo mtu wa jenetiki anaweza kuchangia kitu, kwa kuwa tangu 2001 inajulikana kwamba jeni ya NOD2, inayohusika na kuwatambua bakteria, ina mabadiliko kwa baadhi ya wagonjwa wa Crohn wa Ulaya. Na chembe za viwandani zinabaki kwenye hadithi kama abiria wanaodandia njia iliyojengwa kwa ajili ya wengine. Wamedandia na kuleta madhara, au wamedandia tu? Hilo halijafungwa. Mwaka 2017 watafiti wa Zurich waliripoti kwamba titani iliongeza ukali wa uvimbe kwa panya ambao utumbo wao ulikuwa umeshachomwa kwa kemikali, na kwamba wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana vilivyochachamaa walikuwa na titani nyingi zaidi kwenye damu. Utumbo uliochanika hupitisha vitu, kwa hiyo titani kwenye damu yaweza kuwa ni moshi tu, moto uko kwingine.

Marufuku ya Ulaya nayo isomwe ilivyoandikwa. Ufaransa ilianza Januari 2020. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitamka kwamba E171 haiwezi tena kuhesabiwa kuwa salama, kwa sababu uwezekano wa kuharibu vinasaba haukuweza kuondolewa na hivyo hapakuwa na kiwango cha kula ambacho wangekitia sahihi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaiondoa kwenye chakula, ikabaki kwenye dawa. Wataalamu wa viungio wa FAO na WHO waliitazama upya mwaka 2023 wakabaki na msimamo wa zamani kwamba haihitaji kuwekewa kikomo. Mabaraza mawili yamesoma rundo moja la karatasi yakatoka kwa milango tofauti. Lakini katika mabishano hayo yote, Crohn haikuwa hoja iliyoamua. Anayesema "Ulaya wamekataza kwa sababu inatoboa utumbo" amechukua hukumu ya kesi moja akaibandika kwenye kesi nyingine.

Hapa ndipo ninapomrudia mama wa Buguruni, kwa sababu naamini sinia lake lina uzito kuliko mjadala wote wa keki.

Piga hesabu nami. Mwingereza wa kwenye vitabu vya Lomer anakula miligramu 35 za silikati kwa siku. Mjamzito wa Buguruni akimaliza kipande cha gramu 10, na wapo wanaomaliza zaidi, amekula mara zaidi ya 250. Utasema udongo una mchanga na majani, si silikati tupu, sawa, punguza nusu, bado anampita mbali. Utasema chembe za udongo ni kubwa. Sehemu fulani, ndiyo. Lakini kile wataalamu wa udongo wanachokiita mfinyanzi ni chembe zisizozidi maikroni 2, na ndani yake zimo za kiwango kilekile kilichoonekana chini ya mabaka ya Peyer. Kaolini imekuwa dawa ya kuharisha kwa miaka mingi, ikimezwa kwa kijiko.

Sasa, kama chembe za silikati zingekuwa ndizo kiini cha Crohn, wodi zetu zingekuwa zimejaa kina mama wenye Crohn tangu enzi za bibi. Hazijajaa. Nakubali kwamba hatuoni vizuri, tunayo mipira ya kamera michache na TB inaficha mengi. Hata hivyo ugonjwa huu, unaojulikana zaidi Ulaya Kaskazini na Amerika Kaskazini, unazidi kuonekana sasa hivi katika nchi zinazobadilisha maisha, wakati udongo umeliwa huku miaka yote. Labda mwili unaoanza kupokea udongo na minyoo utotoni umefundisha walinzi wake mapema. Labda silikati inayoingia na mlo wa mihogo na dagaa haipati kifurushi cha kubeba kama inayoingia na mafuta na sukari. Hizi ni labda zangu, lakini ni labda zinazopimika, na zinapimika hapa kuliko London, kwa sababu London hawana sinia lile.

Udongo umechunguzwa Tanzania, tena vizuri. Kisiwani Pemba na Kanda ya Ziwa wametazama wajawazito wanaoula, wakauliza habari za upungufu wa damu na za madini mazito. Ni maswali ya haki, na mjamzito anayekula udongo amweleze mkunga wake. Ninachokitamani ni tasnifu moja inayoanzia hapo na kushuka mpaka kwenye mabaka ya Peyer. Haihitaji hata kumchoma mtu sindano kwa kuanzia. Maabara za patholojia za hospitali kubwa hutunza vinyama vya wagonjwa waliopasuliwa vikiwa vimefunikwa nta, vitofali vidogo vilivyopangwa kwenye droo, vya miaka na miaka. Chukua vya mwisho wa utumbo mwembamba, kwa vibali vyote vya maadili, vikate, vitazame. Weusi upo? Ni mwingi kuliko wa Mwingereza au ni mchache? Ni titani ya dukani au kaolini ya kilimani? Weusi ukiwa tele na uvimbe haupo, umeiambia dunia jambo ambalo haliwezi kuambiwa na panya wa Zurich. Weusi usipokuwepo, umeiambia jingine. Na jopo lisikohoe.

Mpwa wangu alinipigia siku mbili kabla ya sherehe. "Anko, keki nile au nisile? Shangazi anasema nikiila atatoka ukumbini." Nilimwambia habari za wale watu 83. Nikamwambia daktari wake ndiye wa kuulizwa kuhusu maziwa na mafuta, hayo huwa yanamsumbua kweli. Akauliza, "Kwa hiyo walijaribu, ikashindikana, wakaandika hivyohivyo?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akasema angependa kuwa na daktari wa namna hiyo enzi zile za taifodi.

MC alipowaita ndugu wa bibi harusi mtarajiwa kulishwa, alitangulia yeye. Alifungua mdomo, weupe ukambaki kwenye ncha ya pua, ukumbi ukapiga vigelegele, shangazi akageukia upande wa muziki. Bibi harusi mwenyewe aliporudi kuketi alifungua pochi kutafuta rangi ya mdomo. Nilikuwa nimekaa karibu. Ndani, kando ya simu, kulikuwa na tishu iliyokunjwa kwa uangalifu, na kwenye pembe yake iliyofunguka niliona kipande cha urefu wa kidole, kijivu kilichoingia ukahawia. Aliniona nimeona. Akafunga zipu, akanijazia soda.